Jinsi ya Kuipa Baa Yako Jina Linalochoreka, kwa Mtindo wa Pabu za Kale za Uingereza

Nachora mabango ya biashara hapa Mwanjelwa, Mbeya, na wateja wangu wengi ni wenye baa na grosari, kuanzia Mbalizi mpaka Uyole. Kila anayekuja namuuliza kwanza: picha yake ni ipi? Wengine hukasirika kidogo. Wamekuja na jina tayari, la timu ya mpira ya Ulaya au la mji ambao hawajawahi kuukanyaga, na wanataka herufi kubwa nyekundu zenye kivuli, basi. Herufi naandika, hela ni hela. Lakini kama hujafungua bado na una muda wa kufikiri, fuata utaratibu huu. Nimeuchukua kwa Waingereza, ambao wamekuwa wakitundika mabango ya baa kwa zaidi ya miaka 600.

Anza na picha, jina litafuata

Kabla ya majina kulikuwa na mti. Mwingereza wa enzi zile aliyepika pombe ya kuuza, na wapikaji wengi walikuwa akina mama kama wapika komoni wetu, alichomoza mti mrefu juu ya mlango na kufunga fungu la majani kwenye ncha yake. Ukiyaona majani, ujue pombe imeiva. Baa zinazoitwa Bush (kichaka) na Holly Bush zinatokana na desturi hiyo.

Mwaka 1393 Mfalme Richard II akaamuru kwamba anayepika pombe ya biashara atundike alama nje, asipotundika anyang'anywe pombe yake. Wakati ule kulikuwa na waonjaji rasmi waliopita kukagua ubora, na walihitaji kujua wabishe mlango upi. Baba yake William Shakespeare alipewa kazi hiyo ya kuonja huko Stratford mwaka 1556. Kazi ya namna hiyo ikitangazwa Mbeya leo, barua za maombi zitajaza lori.

Sasa, watu wengi hawakujua kusoma. Mwenye baa angeandika nini? Alichora. Nembo ya Richard mwenyewe ilikuwa kulungu dume mweupe mwenye mnyororo wa dhahabu shingoni, na wenye baa wengi walimchora huyo huyo ili wasionekane wakaidi. Baa za White Hart, yaani kulungu mweupe, zilizopo Uingereza hadi leo zilianzia kwenye nembo hiyo. Jina lilitoka kwenye mchoro, na mteja aliagizwa kwa maneno machache: nenda kwa kulungu mweupe.

Usidhani hayo ni ya watu wa zamani tu. Simama barabara kuu ya kwenda Tunduma uhesabu malori ya Zambia na ya Kongo. Dereva yuko kwenye mwendo, Kiswahili chake ni cha kuombea maji, na bango lako lina maneno matano. Atasoma saa ngapi? Jogoo mwekundu mwenye ukubwa wa mlango atamwona tangu mbali.

Kwa hiyo jaribio ni hili: chukua mkaa, chora jina lako ukutani bila herufi hata moja, kisha mwite mtoto wa jirani. Akitaja alichokiona na kikawa ndicho ulichokusudia, umepata. Akikuuliza "hii ni nini?", rudi ukafikiri.

Angalia uani kwako kwanza

Mama mmoja wa Uyole alinijia akitaka niandike jina la mji wa Uingereza. Nilikwenda kupima ukuta, nikakuta mparachichi mkubwa katikati ya uwanja, viti vyote viko chini yake.

"Mama, wateja wakielekezana kwa simu wanasemaje?"

"Aa, wanasema tuko pale mparachichini. Lakini fundi, hilo si jina, ni mti tu."

Ikabidi nimsimulie habari za Royal Oak, yaani Mwaloni wa Kifalme. Tarehe 3 Septemba 1651, kijana Charles, mwana wa mfalme, wa miaka 21, alishindwa vita huko Worcester na jeshi la Bunge. Baba yake alikuwa amekwisha kukatwa kichwa miaka miwili nyuma, kwa hiyo alijua kinachomngoja. Akakimbilia msitu wa Boscobel, na yeye pamoja na ofisa mmoja aliyeitwa William Careless wakapanda mwaloni wenye majani mengi. Walikaa humo mchana kutwa na mkate na jibini kidogo, askari wakipita chini kuwatafuta. Charles alikuwa amechoka mno, akasinzia kichwa kikiwa kwenye mkono wa mwenzake, na mwenzake mkono ukamfa ganzi. Aliponyoka, akavuka bahari, na mwaka 1660 akarudi kuwa Mfalme Charles II. Aliingia London tarehe 29 Mei, siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ikawa sikukuu ya taifa mpaka mwaka 1859. Nchi nzima wenye baa wakachora mwaloni, wengine wakiweka taji katikati ya majani, na Royal Oak ni miongoni mwa majina ya pabu yanayoonekana sana kule mpaka sasa.

Mama alisikiliza, akacheka, akasema basi na wake uchorwe, ila matunda yawe mengi. Nilichora matunda mengi.

Kama huna mti, angalia watu wa eneo lako wanafanya kazi gani. Waingereza walichora jembe la kukokotwa, mganda wa ngano, manyoya ya kondoo, zana za waashi; reli zilipoenea karne ya 19, zikazaliwa Railway Inn kila penye stesheni. Hata Elephant and Castle, jina ambalo sasa ni la mtaa mzima wa London, lina uhusiano na kazi: nembo ya chama cha mafundi visu ilikuwa tembo aliyebeba ngome mgongoni, kwa kuwa mipini mizuri ilichongwa kwa pembe za ndovu. Huku kwetu Iyunga wana stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Mafinga wana magogo, Mufindi wana chai, Chunya wana karai la dhahabu. Ukiwa Mbozi na una kimondo cha tani kadhaa jirani yako, halafu unaiita baa yako Las Vegas, mimi sina la kukusaidia.

Ukitaka jina la mtu, awe amekwisha kufa

Hapa huwa nabishana na wateja. Mfalme Henry VIII alipoachana na Kanisa la Roma mwaka 1534, baa zilizoitwa Pope's Head (Kichwa cha Papa) zilikuwa hatarini, na wenyewe wakageuza haraka kuwa King's Head (Kichwa cha Mfalme). Mchoraji alilipwa mara mbili, jambo ambalo kwangu halina ubaya, lakini wewe ndiye unayelipa. Ukiweka sura ya mheshimiwa wa leo, subiri uchaguzi.

Mtu anayefaa ni kama jenerali wa Kiingereza mwenye cheo cha Marquis wa Granby, jina lake John Manners. Kwenye vita vya Warburg mwaka 1760 aliongoza wapanda farasi kushambulia, kofia na wigi vikapeperuka, akaendelea mbele na kipara chake. Baada ya vita aliwasaidia askari wake walioumia wafungue baa, nao wakazipa jina lake. Alikufa mwaka 1770 na madeni makubwa, ila kipara chake bado kipo kwenye mabango.

Rangi ni sehemu ya jina

Wanyama wa pabu hawana rangi ya porini. Simba ni mwekundu, dragoni ni kijani, nguruwe ni wa buluu. Simba mwekundu, Red Lion, ni kati ya majina yaliyoenea kuliko yote. Wapo wanaosema alitokana na nembo ya John wa Gaunt, mwana wa mfalme wa zamani wa Uingereza, wengine wanamtaja Mfalme James aliyetoka Uskoti mwaka 1603 na simba wake. Nguruwe ndiye ninayempenda. Nembo ya Mfalme Richard III ilikuwa nguruwe mweupe. Alipouawa vitani Bosworth mwaka 1485, husimuliwa kwamba wenye baa walikimbilia kopo la buluu, kwa kuwa nguruwe wa buluu alikuwa nembo ya Earl (mkuu) wa Oxford, aliyekuwa upande ulioshinda. Basi chagua rangi moja kali ya mnyama wako na uilinde. Grosari ya pili mtaani ikichora jogoo, wako atabaki "yule mwekundu".

Kuchora na kutundika

Hakikisha jina BRELA, wanakosajili majina ya biashara, kwanza, na uulize halmashauri kuhusu ada ya bango. Kisha lete bati bapa, si flexi, yaani turubai la plastiki la kuchapishwa. Flexi hupauka na upepo wa hapa huichana. Bati lipigwe msasa, lifutwe kwa thina, lipakwe praima, ndipo rangi ya mafuta. Huku kwetu usianze asubuhi na ukungu. Ngoja jua likaushe bati, la sivyo rangi inavimba. Chora pande zote mbili, na fremu itoke ukutani kuelekea barabarani kama za Waingereza, ili anayetoka Uyole na anayetoka Mbalizi wote waione.

Usipende ukubwa kupita kiasi. Mwaka 1718, mtaa wa Bride Lane huko London, bango zito liliuvuta ukuta wa mbele wa nyumba ukaanguka na kuua watu wanne. Tafuta fundi welda anayejua nondo, na mwambie uzito mapema. Na uniachie nafasi chini kulia niandike namba yangu ya simu. Asiyeniachia, bei inapanda.