Dayati ya kalori chache: anza na mafuta, ugali uache kwanza

Watu wengi wakiamua kupungua wanakata ugali na wali siku hiyohiyo, siku ya tatu kichwa kinauma na hasira juu, ya nne jioni wako kwa muuza chipsi wanakula zege. Ugali mnauonea tu jamani. Kwenye sahani zetu kalori nyingi zinajificha kwenye mafuta ya kupikia, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, yaani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120 na sisi tunamimina toka kwenye dumu bila kupima, unakuta mchicha wenyewe hauna kitu ila umeogeshwa mafuta.

Kwa hiyo kuanzia leo pima kwa kijiko. Mboga ya watu wanne vijiko viwili vinatosha kabisa, kitunguu kikitaka kushika chini weka nyanya au maji kidogo. Samaki mle chukuchuku au wa kuchoma, dagaa waroste na nyanya na ndimu badala ya kuwakaanga. Nazi sio marufuku ila tumia tui jepesi, lile zito liache kwa siku ya sikukuu.

Halafu vinywaji. Chai ya vijiko vidogo vitatu vya sukari mara tatu kwa siku ni kama kalori 140, soda moja ni kiasi hichohicho, bia ya nusu lita inakaribia 200, na havishibishi hata kidogo. Hapa ndo pa kukata bila huruma, maana ukishazoea chai ya tangawizi isiyo na sukari huumii tena.

Sahani yenyewe: nusu mboga za majani na kachumbari, robo ugali au wali (kama ngumi yako), robo maharage, samaki, kuku au mayai. Maharage nayapenda sana kwenye hii shughuli, bei ni nafuu na yanakaa tumboni muda mrefu. Karanga nzuri pia ila gramu 100 zinakaribia kalori 570, kwa hiyo kiganja kimoja, sio mfuko.

Ukipunguza kama kalori 500 kwa siku kwenye unachokula sasa, utashuka kama nusu kilo kwa wiki. Ile kilo tatu za wiki ya kwanza wanazojisifia watu sehemu kubwa ni maji. Usishuke chini ya 1200 kwa mwanamke au 1500 kwa mwanaume bila daktari. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto hii haiwahusu, na kama una kisukari unatumia insulini au glibenklamidi tafadhali sana ongea na daktari kabla hujaanza, ukipunguza chakula na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kushuka ghafla na hiyo ni hatari ya kweli.

Mtu akikuambia umekonda unaumwa nini, mjibu kwa upole endelea na mambo yako.

Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hujala. Ikigoma wiki tatu mfululizo chunguza kuonja onja jikoni na yale mabaki ya sahani za watoto unayomalizia, hivyo navyo vinahesabiwa.