Kuvua rangi ya bapa la kisu hadi chuma kitupu

Kisu kisichokunjika hupakwa rangi nyeusi kwa sababu ya msingi: chuma cha kaboni, mathalani 1095, hushika kutu upesi. Ukiivua, ulinzi wa chuma hicho unahamia mikononi mwako. Kama uko radhi kupaka mafuta kila baada ya kazi, tuendelee.

1. Ijue rangi yenyewe. Kwaruza kwa msasa sehemu iliyo karibu na mpini. Ikiwa nene na ikatoka unga au vipande, hiyo itavuliwa kwa rimuva, yaani dawa ya kuondolea rangi. Utando mwembamba na mgumu sana wa nitridi ya titani haujali dawa. Ni wa kusugua tu, na mimi ningeuacha ulivyo.

2. Fungua mpini ikiwa umefungwa kwa skrubu. Makali usiyafunge tepu bado, maana dawa huyeyusha gundi.

3. Paka rimuva. Fanya kazi nje, vaa miwani na glavu za aina iliyoandikwa kwenye kopo. Zile nyembamba za hospitali dawa kali hupenya. Epuka rimuva yenye kemikali ya dikloromethani: Marekani ilizuia kuuzwa kwake kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019, baada ya mvuke wake kuua watu. Paka nene, funika kwa nailoni isikauke, subiri nusu saa. Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa, iparue kwa kijiti au plastiki, si kwa chuma. Rudia ikibidi, kisha osha na ukaushe.

4. Msasa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chini ya rangi hutakuta chuma king'aacho, bali kijivu chenye vishimo, kwa kuwa kiwanda hukikwaruza makusudi ili rangi ishike. Sasa funga makali kwa tepu, lilaze bapa juu ya ubao na ulibane, kisha uviringishie msasa kwenye kipande cha mti kilichonyooka. Ukisugua kwa kidole kitupu utachimba mabonde na kufuta maandishi ya kiwanda.

Anza na namba 120 na mafuta kidogo, ubaki hapo mpaka vishimo viishe. Fuata 220, 400, kisha 600. Kila namba isugue kwa kukatiza mikwaruzo ya iliyotangulia. Hiyo ikishatoweka, ndipo uhamie namba inayofuata. Niliwahi kuruka kutoka 120 hadi 400 kwa haraka, nikasugua saa nzima na mistari ikabaki ikinitazama. Nilirudi nyuma. Namba ya mwisho ivute upande mmoja tu, kutoka mpini kuelekea ncha.

Grenda iweke kando. Chuma kikifika takriban nyuzi 200 za Selsiasi hugeuka manjano ya majani makavu, na karibu 300 huwa bluu. Ukiona bluu kwenye makali, hayatashika ukali tena.

5. Kinga. Futa kwa spiriti, paka mafuta papo hapo. Kisu cha chakula kipate mafuta ya madini yanayofaa kuliwa. Ukitaka weusi wa asili, kifunike kwa kitambaa kilicholowa siki ya moto kwa dakika 20, kisha osha kwa maji yenye magadi soda, kausha, paka mafuta. Kumbuka na sehemu inayojificha ndani ya mpini kabla ya kuufunga. Ala ya ngozi ni ya kubebea tu. Kisu kikilala humo wiki nzima, unyevu wa ngozi utakiachia madoa.