Jua la mwezi wa kumi, baridi ya mwezi wa saba: kuweka plafoni (dari) inayozuia joto na baridi kwenye nyumba ya zamani ya Lubumbashi

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Mwezi wa kumi mchana unapita nyuzi 30, na malata (mabati) yanachemka hata kiganja hakikai juu yake. Nyumba za zamani za komuni za Kamalondo, Kenya na Katuba, na za kampi za migodi, zina kuta nzuri: matofali ya kuchoma, mazito, yanayopokea joto polepole na kulitoa polepole. Udhaifu wao uko juu. Lata halifiki hata unene wa milimita moja. Mchana linashusha moto wa jua chumbani, usiku linaachia joto la chumba liende zake kwenye mbingu isiyo na wingu. Kwa hiyo fedha ya kwanza inaenda juu. Ukuta, dirisha na rangi vinasubiri.

Tuchukue chumba kimoja cha kulala, mita 4 kwa 3.5. Chumba kimoja kilichofanywa vizuri kinafaa kuliko nyumba nzima iliyofanywa nusunusu. Anza na kile wanacholala watoto wadogo au wazee.

Kabla ya kununua chochote

Kazi yenyewe ifanywe mwezi wa tano: mvua imekwisha, mbao zimekauka, baridi haijafika. Lakini ukaguzi uanze mwezi wa tatu, mvua ingali inanyesha, maana mvua ndiyo inayokuonyesha tundu lilipo.

Kwanza, tazama nyumba imeezekwa kwa nini. Kama si malata bali ni mabamba ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, na yamewekwa zamani, yahesabu kuwa yana amianti (asbesto). Usiyatoboe, usiyakate kwa msumeno, usiyasugue kwa burashi. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka mingi. Unaweza kuweka plafoni chini yake bila kuyagusa: funga mbao zako kwenye kuta, wala usipige msumari wowote kwenye miti inayobeba mabamba hayo, kwa sababu mtikisiko unayapasua. Kipande kilichokwisha kuanguka kilowanishe maji, kifunge ndani ya plastiki mbili, na watoto wasikichezee.

Pili, matundu. Saa sita mchana panda chini ya malata, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Izungushie chaki kwenye mti ulio karibu. Mara nyingi tundu liko kwenye msumari wa zamani uliolegea. Ung'oe, weka mwingine mnene na mrefu zaidi wenye kofia na mpira. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, kamwe usipigwe kwenye bonde, kwani bondeni ndiko maji yanakopita.

Jihadhari usichanganye tundu na jasho la malata. Doa la tundu linakuja baada ya mvua na lina ukingo wa kahawia. Jasho linakuja alfajiri ya baridi bila tone la mvua: pumzi za waliolala na mvuke wa chungu hupanda, hukuta lata baridi, hugeuka maji, hutiririka hadi mti wa kwanza na kudondoka pale. Kuziba malata hakutibu jasho. Linatibiwa na plafoni pamoja na hewa inayopita juu yake.

Tatu, nyaya za umeme. Ukikuta waya wa zamani ulioungwa kwa kusokotwa na kufungwa plastiki, mwite fundi umeme kwanza. Waya uliokuwa ukipoa kwa hewa, ukiufunika utapata moto zaidi, hasa nyumba inayopikia kwa resho (jiko la umeme).

Nne, mchwa. Gonga miti ya paa kwa mpini wa nyundo. Sauti tupu, au mstari wa udongo unaopanda ukutani, maana yake mti huo haubebi kitu mpaka ubadilishwe.

Vifaa vya chumba hiki

Tripleksi (plaiwudi) ya milimita 4 au 5, bamba la sentimita 122 kwa 244: sita. Hesabu ya eneo inakupa karibu tano. La sita ni la vipande na makosa.

Mbao za sentimita 5 kwa 5: mita 40. Ni safu nane za mita 3.5, ambazo ni mita 28. Safu moja ya kuunga mabamba, mita 4. Na pembeni mwa kuta mbili zilizobaki, mita 8. Nunua mbao kavu na zilizonyooka. Mbao mbichi zitajikunja mwezi wa tisa na kung'oa misumari.

Frigoliti (lile povu jeupe, jepesi, la kufungashia vyombo) ya unene wa sentimita 5, bamba la mita 1 kwa 2: nane. Usinunue ya sentimita 2 kwa sababu ya bei yake rahisi. Kazi ni ileile, mbao ni zilezile, lakini kinga haifiki nusu. Chagua bamba gumu: likibonyea chini ya kidole gumba na punje zikaanza kuachia, liache dukani.

Ongeza misumari ya sentimita 10 kwa mbao na ya sentimita 3 yenye kofia kwa tripleksi, mirija ya plastiki ya nyaya, na wavu wa chuma wenye tundu zisizozidi milimita 6.

Hatua ya 1: fungua njia ya hewa juu

Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wanalaumu frigoliti. Joto lililonaswa kati ya lata na plafoni linahitaji mlango wa kutokea. Toboa kila ukuta wa pembetatu ulio chini ya paa, juu kabisa, tundu la sentimita 40 kwa 40. Matundu mawili ya kiasi hicho yanatosha nyumba ya mita za mraba 48. Yafunge kwa wavu, la sivyo popo na panya watahamia humo.

Hatua ya 2: piga fremu

Chora mstari wa usawa kuzunguka kuta zote. Mrija wa maji unaoonyesha ndani ni sahihi kuliko jicho, kwa sababu katika nyumba ya zamani sakafu huwa imeinama. Mbao za kwanza zishikwe na ukuta kila sentimita 60. Halafu pitisha safu kwa upande wa mita 3.5, kutoka katikati ya ubao mmoja hadi katikati ya mwingine sentimita 61. Kipimo hiki kimetokana na tripleksi: 61 mara mbili ni 122, kwa hiyo ukingo wa kila bamba utaangukia katikati ya ubao. Ukiweka 65, kila bamba litabidi likatwe, na sita hazitatosha. Safu za ndani zining'inizwe kwenye miti ya paa, walau sehemu mbili kila moja, zisipinde. (Chini ya mabamba ya amianti badala yake weka mbao za sentimita 5 kwa 10 zinazokaa ukutani pande zote mbili.)

Acha tundu la kupandia, sentimita 55 kwa 60, pembeni mwa chumba.

Hatua ya 3: nyaya ndani ya mirija

Usiache waya uguse frigoliti. Plastiki laini ya waya ina mafuta yanayoilainisha, na frigoliti huyanyonya polepole. Baada ya miaka michache ukiuvuta waya unakuta frigoliti imeyeyuka na kuganda juu yake, na ganda la waya limekauka kama gome. Likunje kidogo, linapasuka, shaba inatokeza. Mrija unamaliza tatizo hilo. Juu ya taa inayotoa joto acha duara la sentimita 20 bila frigoliti.

Hatua ya 4: kata na ubane frigoliti

Kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya sentimita 56. Kata vipande vya 56.5 ili viingie kwa kubanwa. Usikate bamba kwa urefu, maana utapata kipande kimoja kizuri na kingine kisichojaza nafasi. Likate kwa upana: mita 2 inakupa vipande vitatu vya 56.5 kwa mita 1, na mabaki ya sentimita 30. Nafasi sita pana zinakula mabamba saba, na mabaki hayo ya 30 yanajaza nafasi ya saba, ile nyembamba ya ukutani. Pima kila nafasi kabla ya kukata, maana kuta za zamani hazinyooki.

Tumia kisu kipya, kipitishe mara mbili taratibu. Kisu butu kinang'oa punje na kuacha ukingo wenye meno, na upepo utapita hapohapo. Ufa wa nusu sentimita unaozunguka kila kipande unatosha kuharibu kazi ya chumba kizima. Kisha usiweke bashi (turubai) juu ya frigoliti ati izuie maji ya tundu litakalokuja. Bashi linafungia unyevu, mbao zinaoza kimyakimya. Acha angalau sentimita 5 za hewa kati ya frigoliti na lata.

Hatua ya 5: tripleksi

Iwekwe na watu wawili. Misumari kila sentimita 15 ukingoni, kila 30 katikati. Acha milimita 2 kati ya bamba na bamba, kwa kuwa katika mvua tripleksi inavimba. Zikigusana zinatoa tumbo. Funika maungio kwa ubao mwembamba.

Kifuniko cha tundu la kupandia nacho kivishwe frigoliti. Angalia gundi: ile kali ya fundi viatu inayeyusha frigoliti mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ukingo wa kifuniko uzungushie ukanda wa shambreri (mpira wa ndani wa tairi) kuukuu ya gari, kibane vizuri.

Na frigoliti isiachwe wazi kuelekea chumbani, hata kwa wiki moja. Inashika moto haraka, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake ni sumu. Jikoni usiiweke kabisa.

Kama frigoliti haipatikani au bei haishikiki

Tumia maranda makavu kutoka kwa maseremala. Yachanganye na chokaa kavu, kopo moja kwa makopo kumi, kupunguza wadudu. Yakishatulia yawe sentimita 10, kwa hiyo mwaga 12. Chumba hiki kitachukua kama magunia 20. Hapa fremu inabadilika: maranda ni mazito, na tripleksi ya milimita 4 kwenye safu za 61 itashuka kama chandarua. Weka tripleksi ya milimita 6 na safu za sentimita 40.6, yaani theluthi ya bamba. Unga wa msumeno usiuchanganye humo, kwa sababu unashika unyevu na kujikandamiza. Tahadhari ya moto ni ileile: mbali na bomba la moshi, na nyaya zote ndani ya mirija.

Ile karatasi ya aluminiamu inayong'aa ni nzuri, ila watu wanailaza juu ya tripleksi, uso wa kung'aa juu, na vumbi jekundu la mwezi wa tisa linauzima katika msimu mmoja. Ifunge chini ya miti ya paa, uso wa kung'aa ukitazama chini, ikiwa na hewa upande huo. Ikigusana na kitu kingine haisaidii.

Milango, madirisha na mbabula

Ufa chini ya mlango uzibe kwa ukanda wa shambreri wa sentimita 6 uliopigiliwa kwa ndani, ukigusa sakafu kidogo. Madirisha ya chuma ya zamani: kwangua mastiki iliyokauka, piga burashi kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, weka mastiki mpya.

Lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha usiyazibe yote kwa magunia. Mbabula (jiko) ya makala (mkaa) inatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Chumba kilichozibwa vizuri kinaikusanya, na watu wanaolala nayo hawaamki. Makala yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana kama yamezimika, bado yanaitoa. Tundu la hewa peke yake halikulindi: mbabula isilale chumbani, hata mlango ukiwa wazi. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma, anatapika, miguu imelegea, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali.

Kupima kazi

Weka kipimajoto katikati ya chumba, mbali na ukuta, saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, siku tatu kabla ya kazi na siku tatu baada yake. Andika pia joto la nje kivulini, maana siku hazifanani. Kisha usiku, saa mbili, panda kwenye kiti na upitishe kiganja chini ya plafoni yote. Mahali penye baridi kuliko pengine, kipande cha frigoliti kimehama au kina ufa. Fungua hapo tu.

Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha, mwezi wa kumi na moja hivi, panda kwa tochi kupitia tundu lako, ukikanyaga juu ya mbao tu, na uguse kila msumari uliouzungushia chaki.