Tingatinga la deraya la 1/35: kadi za benki, bomba la maji na udongo mwekundu wa Iringa

Tunajenga mfano mdogo wa tingatinga la Caterpillar D9R lililovalishwa deraya, yaani mabamba ya chuma ya kinga. Kampuni ya Meng ya China hutoa seti ya plastiki ya mashine hiyo kwa kipimo cha 1/35, na ukiipata unaweza kurukia moja kwa moja sehemu ya rangi. Usipoipata, vifaa vya kuijenga tangu mwanzo vipo Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini: duka la vifaa vya ujenzi, masalia kwa wachora mabango, na droo yenye kadi za benki zilizokwisha muda.

Deraya ya D9R imejulikana zaidi kutokana na jeshi la Israeli. Kabini inageuka sanduku la chuma lenye vioo vidogo vinene, boneti na silinda za haidroliki zinapata vifuniko, na matoleo ya baadaye yana wavu wa pao za chuma kuzunguka kabini. Chini ya hayo yote ni tingatinga lile lile la barabarani. Kwa hiyo picha za D9 ya kawaida zitakufaa kwa cheni, bledi (bamba la mbele la kusukuma udongo) na ripa (jino la nyuma la kupasua ardhi), na picha za deraya utazihitaji kwa kabini na boneti tu.

Vipimo kwanza

Gawanya kila kipimo halisi kwa 35. Hivi ndivyo vya kubandika ukutani:

- Bledi ya aina ya nusu-U: upana mita 4.31, kimo mita 1.93. Kwako ni mm 123 kwa 55.
- Kiatu cha cheni (bamba moja la kukanyagia): upana mm 610, yaani mm 17.4.
- Hatua ya cheni, kutoka pini hadi pini: mm 240, yaani mm 6.9.
- Viatu kwa kila upande: 43.
- Cheni inayogusa ardhi: mita 3.47, yaani mm 99.
- Kutoka katikati ya cheni moja hadi katikati ya nyingine: mita 2.25, yaani mm 64.

Kipimo usichonacho, kitoe kwenye picha iliyopigwa ubavuni. Pima viatu kumi vya cheni kwenye picha. Hizo ni mm 2,400 za kweli. Ukishajua hilo, kila kitu kilichoko kwenye usawa ule ule wa picha kinapimika. Usitumie picha iliyopigwa karibu na kona ya mashine, maana upande wa mbele utaonekana mkubwa kuliko wa nyuma na kabini itakutoka imepinda.

Vifaa

Kadi za plastiki kama 15. Kadi ya benki ina unene wa mm 0.76, ambao kwa 1/35 ni bamba la mm 27. Kwa macho linakubalika kabisa kama chuma cha deraya. Ongeza kipande cha ubao wa PVC wa mm 3 (wachora mabango wanautupa), sm 15 za bomba la maji taka la inchi 4, tyubu kuukuu ya baiskeli, spoki mbili, waya wa umeme wa 1.5, vikopo vya mtindi, sindano ya hospitali ya geji 18, supagluu, gundi ya mabomba ya PVC, gundi nyeupe ya mbao, msasa namba 240, 400 na 800.

Gundi ya mabomba huyeyusha PVC na kuunganisha vipande vikawa kimoja, jambo ambalo supagluu haiwezi. Ichote kwa ncha ya sindano ya kushonea, tone dogo kwenye kiungo, kisha bana kwa dakika mbili. Ukiipaka kama unavyopaka bomba, kadi italegea na kujikunja usiku kucha. Si kadi zote ni PVC, kwa hiyo jaribu kwenye kona kwanza: isipolainika, kadi hiyo ibaki ya supagluu. Fanya kazi dirisha likiwa wazi, na vipande vya PVC usivitupe jikoni kwenye moto. Moshi wake una tindikali.

Hatua ya 1: mwili

Kati ya cheni mbili una nafasi ya mm 47 tu (64 ukitoa upana wa kiatu kimoja). Mwili wa chini usizidi mm 44, vinginevyo cheni zitakwaruza. Tengeneza sanduku la ubao wa mm 3, weka kuta mbili za kukatiza ndani, kisha livalishe kadi. Kadi yenye maandishi yaliyoinuka isugue kwa msasa 240 mpaka iwe sawa, au itumie upande wa ndani.

Hatua ya 2: cheni

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo kazi inapojulikana. Unahitaji viatu 86. Kata kadi katika vipande vya upana wa mm 6.2, kisha kila kipande ukikate mm 17.4 kwa kutumia kizuizi cha mbao kilichogundishwa kwenye rula, ili vyote vilingane. Usipime kimoja kimoja: kosa la mm 0.2 likirudiwa mara 43 ni zaidi ya kiatu kizima.

Juu ya kila kiatu simamisha ubavu mmoja wa kadi wenye kimo cha mm 2.4. Ubavu ukae ukingoni, si katikati.

Kata ukanda wa tyubu upana wa mm 10, uoshe kwa sabuni na kuusugua kwa msasa, la sivyo supagluu haitashika kwa sababu ya ile poda iliyomo. Chora mistari kila mm 6.9 kwa kalamu nyeupe, gundisha viatu kimoja kimoja. Urefu wa mzunguko ni mm 295. Mpira huvutika, kwa hiyo uweke bapa bila kuuvuta. Ukiuvuta, viatu vitapandana ukishauachia.

D9R ina sproketi (gurudumu la meno linalosukuma cheni) juu, nyuma, na aidla (magurudumu ya kuongozea cheni) mbili chini, hivyo cheni inakaa pembetatu. Rola za chini ni 8 kila upande. Usilegeze cheni ya juu ikaning'inia kama ya kifaru cha zamani. Kwenye pembetatu hii inalegea kidogo tu kati ya sproketi na aidla ya mbele. Kiungo cha ukanda kiwe chini, katikati ya sehemu inayokanyaga ardhi, ambako hakuna atakayekiona.

Hatua ya 3: bledi

Kadi ina urefu wa mm 85.6, haitoshi bledi ya 123, na kuikunja bila kuvunjika ni shida. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha nje cha mm 110 na tayari limepinda. Kata kipande chenye urefu wa mm 123 kufuata bomba, na upana wa mm 58 ukipima juu ya mpindo; kikisimama kitakupa kimo cha mm 55. Uso wa bledi ni ndani ya bomba. Kata kama mm 20 kila mwisho, punguza kingo kwa tupa kisha uvirudishe vikiwa vimeelekea mbele kidogo. Ndiyo maana ya nusu-U. Kabla ya kukata mabawa ongeza mm 2 hivi kwenye urefu, kwa sababu tupa itazila.

Ukuta wa bomba ni mnene mno ukingoni. Usugue nyuma ya ukingo wa juu mpaka ubaki kama mm 1. Ukingo wa chini ubandikie ukanda wa kadi wa mm 7 kuwa kisu, na vipande viwili vya kona. Fimbo za silinda ni spoki: chuma halisi, hazihitaji rangi.

Hatua ya 4: kabini na wavu

Jenga kabini kwa tabaka mbili za kadi. Tabaka la nje likate matundu ya madirisha madogo, la ndani makubwa kidogo, ili kioo kikae ndani na unene wa deraya uonekane. Bila kina hicho kabini inageuka kibanda cha mlinzi. Kioo ni plastiki ya kifungashio iliyopakwa nyuma wino wa kijani-samawati uliopunguzwa sana. Kigundishe kwa gundi nyeupe. Supagluu itakitia ukungu.

Boliti: noa mdomo wa sindano ya geji 18 ukae bapa, gonga juu ya kikopo cha mtindi kilicholazwa kwenye mbao laini. Kila pigo linatoa kiduara cha mm 0.8. Toboa 200, utapoteza 60 sakafuni. Mishono ya kulehemu ni uzi wa kushonea uliolowekwa gundi nyeupe, ukalazwa kwenye kiungo na kubonyezwa kwa ukucha kila nusu milimita.

Wavu wa pao uujenge bapa mezani juu ya mchoro: pao za kadi upana wa mm 1, nafasi ya mm 1.5, nguzo za waya nyuma. Usiugundishe kwenye kabini mpaka rangi ikamilike.

Hatua ya 5: rangi, na baridi ya Nyanda za Juu

Osha mfano kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukauke siku nzima. Praima ya kijivu ya magari inafaa, ila ipulizwe kwa ukungu mwembamba mara tatu. Ikimwagika nzito, thina yake itakula plastiki ya vikopo vya mtindi na kadi.

Juni na Julai, asubuhi ya Mbeya au Njombe, kopo la spreyi linakuwa na msukumo hafifu na rangi inatoka kwa matone. Liweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiyochoma mkono, dakika tano. Kamwe usilipashe jikoni. Paka kati ya saa tano na saa tisa mchana. Masika, rangi za thina hupauka kama maziwa kwa sababu unyevu hunaswa juu yake; subiri siku isiyo na mvua. Agosti hadi Oktoba Iringa adui ni upepo: funika kazi kwa beseni mara tu unapomaliza.

Rangi ya mwili ni kijivu chenye mchanga. Changanya nyeupe sehemu 4, hudhurungi 1, njano ya udongo 1, nyeusi tone kwa tone. Iwe nyepesi kuliko unavyotaka, maana kila kinachofuata kitaitia giza.

Ukiwa na kompresa, pitisha spreyi ya nywele chini ya rangi ya maji kisha ibandue kwa mswaki uliolowana. Huna kompresa? Iache. Brashi itaamsha ile spreyi na kuburuta kila kitu. Tumia sponji ya kuoshea vyombo: inyofoe, ichovye hudhurungi nyeusi, ifute kwenye karatasi mpaka karibu ikauke, gusa kingo. Mikwaruzo ikae pale mguu wa dereva unapokanyaga, kwenye vishikio, kona za vifuniko na kingo za bledi. Katikati ya ukuta wa kabini hapana sababu ya kuwa na mkwaruzo, labda jiwe limerushwa.

Kisha vanishi ya maji, siku moja. Ndipo rangi ya mafuta ya wasanii, hudhurungi, sehemu 1 kwa tapentaini 10, kwenye viungo na kuzunguka boliti. Ukiruka vanishi, tapentaini itang'oa rangi ya chini.

Hatua ya 6: udongo

Chagua udongo mmoja. Mwekundu wa Iringa na mweusi wa volkano wa Rungwe haviwezi kukaa kwenye mashine moja isipokuwa ilibebwa kwa lobedi (lori la kubebea mashine) jana. Mwekundu una faida: mfinyanzi wake unang'ang'ania, na hata mashine ikioshwa unabaki utando kwenye pembe.

Kausha udongo kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa dakika 15, twanga, chekecha mara mbili kwa soksi ya nailoni. Chembe ya nusu milimita ni jiwe la mm 17.5 kwa kipimo hiki, kwa hiyo kinachobaki kwenye soksi ni cha cheni tu.

Tope: udongo sehemu 3, gundi nyeupe 1, maji 1, tone la sabuni ya vyombo ili lisitengeneze mapovu. Lijaze kati ya rola, ndani ya viatu, na nyuma ya bledi chini. Gundi hutia udongo giza. Ukitaka tope kavu, ongeza unga wa chaki nyeupe na uhukumu rangi kesho yake, si leo.

Vumbi: udongo mkavu na chaki, 2 kwa 1, ulioenezwa kwa brashi laini juu ya nyuso zilizolala, kisha tone la tapentaini. Utaona limetoweka, likikauka linarudi. Lifute kwa brashi kutoka juu kwenda chini ukutani, kama mvua inavyolishusha. Usipake vanishi tena. Vanishi huua vumbi.

Kutu: loweka stiliwaya kwenye siki na chumvi siku mbili, acha ikauke, saga. Isuuze vizuri kabla ya kuisaga, maana chumvi iliyobaki itatoa ukungu mweupe wiki ijayo. Ni kutu halisi, itie kidogo kwenye viungo vya viatu na mishono ya wavu. Mashine inayofanya kazi haipati kutu nene.

Mwisho, chuma kinachosuguliwa: kisu cha bledi na theluthi yake ya chini, mbavu za viatu, meno ya sproketi. Penseli ya 6B, kisha sugua kwa kidole. Pembe za juu za bledi ziachie udongo ulioganda, kwa kuwa mzigo unapita katikati. Masizi ya chini ya sufuria yanatosha kwa ekzosi, na matone mawili ya rangi ya mafuta nyeusi yenye vanishi ya kung'aa chini ya mfuniko wa dizeli. Gundisha wavu, kisha ushike mfano kwa ripa tu.