Bei ya gari yadi: usikubali ya kwanza

Mimi nauza mahindi Kibaigwa, kwa hiyo bei ya kwanza huwa naichukulia kama salamu tu.

Kabla hujaenda yadi Dodoma mjini, fungua kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) mtandaoni, weka aina ya gari, mwaka na ukubwa wa injini, uone kodi yake. Jumlisha na bei ya Japani na usafiri wa meli hadi Dar es Salaam. Sasa unajua, kwa kukadiria, muuzaji katumia ngapi. Hesabu hiyo ibaki moyoni. Taja bei yako, kisha nyamaza. Wengi huharibu hapo, wanajipandishia wenyewe. Akigoma, dai matairi mapya au alipie kubadilisha kadi ya gari iwe na jina lako. Akisema kuna mteja mwingine jioni, mwambie amuuzie. Na fundi wako aliwashe gari likiwa limepoa, si baada ya wao kulipasha.