Somo: Kuhamisha sensa za presha ya tairi kutoka rimu moja kwenda nyingine (soma kabla hujauliza)

Swali ni lile lile kila wiki: "Nimenunua rimu mpya, nimefunga, sasa taa ya tairi inawaka, nifanyeje?" Naandika mara moja tu, kuanzia leo anayeuliza nitamleta hapa. Na ieleweke ni sensa ya presha, si ile ya watu na makazi.

Kwanza ujue gari lako lina nini

Taa hii inakuja kwa mifumo miwili. Wa kwanza una sensa ndani ya tairi, imeshikana na valvu, ina betri yake na inatuma mawimbi ya redio kwenye kompyuta ya gari. Wa pili hauna kitu ndani ya tairi. Kompyuta inasoma mzunguko wa magurudumu kupitia ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kukwama). Tairi lililopungua upepo linakuwa dogo kidogo, linazunguka haraka kuliko wenzake, na taa inawaka. Golf na Audi A3 nyingi zilizotoka Uingereza ni za mfumo huu wa pili. Kama ndilo lako, huna cha kuhamisha: jaza upepo, weka upya kwenye menyu, kalale.

Marekani ililazimisha taa hii ya presha kwa magari yote mapya madogo tangu Septemba 2007, Ulaya tangu Novemba 2014. Japani haikulazimisha, ndiyo maana Vitz na IST nyingi mtaani hazina kabisa. Usitafute usichopoteza.

Dalili za sensa ya kweli: dashibodi inaonyesha presha ya kila tairi, au valvu ni ya chuma na ina nati kwa nje. Valvu ya raba haimaanishi hakuna sensa, zipo zinazoshikwa na skrubu ndogo kwa ndani.

Vifaa

Jeki na stendi, wili spana, kitoa sindano ya valvu, soketi ya mm 11 na ya mm 12, spana ndogo ya torki inayosoma chini ya Nm 10 (Newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), geji, maji ya sabuni, chaki. Na seti mpya ya raba, washa, nati, sindano na kifuniko kwa kila valvu. Seti hii si mapambo. Raba iliyokwisha kubanwa miaka mitano hairudi tena kwenye umbo lake, na ukiirudisha kwenye rimu nyingine utakuwa unajaza upepo kila Jumatatu.

Hatua

1. Andika kwa chaki kila gurudumu limetoka wapi: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Magari yanayoonyesha presha kwa nafasi yatakuchanganya ukizibadilisha.

2. Legeza nati, inua, weka stendi, toa magurudumu.

3. Toa sindano ya valvu, acha upepo uishe kabisa.

4. Kuachanisha tairi na rimu. Hapa ndipo sensa hufa, kwa hiyo soma polepole. Sensa imekaa ndani, nyuma ya valvu, imelala kwenye bonde la rimu. Koleo la mashine ya kufungulia tairi likikandamiza ubavu wa tairi karibu na valvu, mdomo wa tairi (ukingo unaokaa kwenye rimu) unaangukia juu ya sensa, na plastiki yake haihimili. Kandamiza robo duara au zaidi mbali na valvu, pande zote mbili za tairi. Upande wa pili ndio unaoua zaidi: ukiligeuza gurudumu valvu huioni tena, fundi anakandamiza popote. Kwa hiyo kabla ya kugeuza, chora mstari wa chaki kwenye ubavu wa ndani, usawa wa valvu. Chaki ya shilingi mia inaokoa sensa.

5. Kutoa tairi. Kichwa cha mashine kikiwa juu, valvu iwe kama shibiri moja pembeni yake, upande ambao meza ya mashine inazungukia, ili meza ikianza kuzunguka sensa iondoke kwenye kichwa, isikifuate. Sitataja saa: mshale ukiwa kwenye 1 mmoja anasoma saa saba, mwingine saa moja, na sensa inapasuka katikati ya ubishi. Wanaotumia vyuma vya mkono: anzia karibu na valvu lakini si juu yake, na ncha ya chuma isizame. Ukianzia mkabala na valvu, mdomo wa tairi upande wa sensa unashuka bondeni na kuiponda.

6. Fungua nati, toa sensa. Piga picha namba yake, herufi na tarakimu 7 au 8 zilizochapishwa mgongoni. Utaihitaji siku ambayo tairi limeshafungwa. Angalia tundu dogo la kusomea presha: likiwa na vumbi futa kwa kitambaa kikavu, usichokoe kwa pini wala kupuliza kwa kompresa.

7. Kagua rimu mpya. Tundu la valvu liwe mm 11.3 hadi 11.5. Pachika sensa bila kukaza, kisha pitisha rula juu ya sehemu ambazo midomo ya tairi hukaa. Sensa ikivuka usawa wa rula, rimu hiyo haifai kwa sensa hiyo. Rimu za kununua pembeni zenye bonde la kina kifupi hufanya hivi.

8. Kufunga sensa. Raba mpya, sensa ilale bila kuelea wala kulazimishwa, shika mwili wake kwa vidole ukikaza nati. Toyota nyingi ni Nm 4. Aina nyingine hufika 7 au 8, fuata ya sensa yako. Zile za valvu ya raba, skrubu yake ni kama Nm 1.4 tu. Shina la valvu ni aluminiamu: ukilikaza kama nati ya gurudumu litapata ufa usiouona leo, litakatika wiki ya tatu barabarani. Sindano iwe ya rangi ya fedha, iliyopakwa nikeli. Ile ya njano ya shaba ndani ya shina la aluminiamu inashika kutu mpaka zinakuwa kitu kimoja, na ukilazimisha kuitoa unatoka na shina zima. Vifuniko vya chuma vya kupendezesha vina ugonjwa huo huo. Weka vya plastiki.

9. Kurudisha tairi: paka sabuni, valvu ianze mkabala na kichwa cha mashine. Kwa vyuma vya mkono, mwisho wa tairi kuingia uwe karibu na valvu. Balansi upya, maana sensa ina uzito wa gramu 25 hadi 40, huo unausikia kwenye usukani.

10. Jaza presha ya kwenye stika ya mlango wa dereva, tairi likiwa baridi. Mwagia maji ya sabuni kwenye valvu, subiri dakika mbili. Funga gurudumu, kaza nati kwa msalaba. Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Angalia nati zenyewe: rimu za aloi za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, rimu nyingi za kununua pembeni hutaka nati yenye ncha ya koni. Ukichanganya, gurudumu linalegea.

Sensa zilezile, gari lilelile: hakuna kusajili chochote. Endesha dakika 10 hadi 20 zaidi ya kilomita 40 kwa saa, zinaamka zenyewe.

Maswali ya wanachama

Kobe wa Tegeta: Mkuu umeandika ndefu. Nikibonyeza kile kitufe cha SET chini ya usukani taa itazima?

Jibu: Hapana. SET inaiambia gari "presha iliyopo sasa ndiyo sahihi". Haisajili sensa wala haifufui iliyokufa. Soma.

Bint Kisauni: Asante sana kwa somo. Nimepata rimu zenye sensa zake, zimetoka kwenye gari la Marekani. Gari langu limetoka Uingereza. Zitasomana?

Jibu: Swali zuri, dada. Kuna mambo mawili. Kwanza masafa ya redio: za Uingereza na Ulaya ni MHz 433, magari mengi ya Marekani ya miaka hiyo ni MHz 315. Zikitofautiana hazitasikika hata umlete nani. Masafa huandikwa kwenye sensa yenyewe. Pili namba: hata zikilingana masafa, kompyuta inasikiliza namba ilizosajiliwa tu. Kuna magari yanayojifunza yenyewe ukiendesha, mengine unaingia kwenye menyu na kuamsha kila sensa kwa kifaa chake, na mengine, zikiwemo Toyota nyingi, lazima namba ziandikwe kwa mashine kupitia soketi ya OBD (ile ya kuchunguzia kompyuta ya gari). Kwa hali yako, toa zako za 433 uzihamishie rimu mpya. Hutalipia usajili.

Mzee wa Jeki: Hizo Nm 4 ni za vitabuni. Mafundi wetu wanakaza kwa mkono tu na hatujaona shida.

Jibu: Hujaona kwa sababu shina linakatika mteja akiwa Chalinze, haliji kukatikia gereji. Nm 4 ni chini ya nguvu ya mkono kwenye spana ya kawaida, ndiyo hoja yenyewe. Ukiwa na mkono unaosoma Newton, endelea.

Dogo Spana: Sensa moja imepasuka kona, je nikiibandika kwa gundi?

Jibu: Tairi kwenye mwendo wa 100 linazunguka zaidi ya mara 12 kwa sekunde. Kipande kikibanduka kinazunguka ndani ya tairi kikikwaruza. Nunua nyingine.

Msambaa wa Uppsala: Huku Sweden matairi ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na hali ya baridi. Nihamishe sensa mara mbili kwa mwaka?

Jibu: Usihamishe, ndugu. Kila uhamisho ni raba mpya, balansi, na nafasi nyingine ya kuipasua. Nunua seti ya pili ya sensa za kunakili: fundi anasoma namba za sensa za kiangazi na kuziandika kwenye mpya, gari haliwezi kuzitofautisha. Sharti moja: seti iliyovuliwa isikae buti wala pembeni ya gari, maana kompyuta itasikia sauti mbili zenye jina moja. Na presha hushuka kama psi 1 (kipimo cha kwenye geji) kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto, kumbuka hilo kabla ya kutoka.

Mama Ngano: Dawa ya pancha ya kumimina inaharibu sensa?

Jibu: Nyingi huziba lile tundu dogo. Sensa inabaki hai ila inasoma uongo. Ukilazimika kuitumia njiani, fungua tairi mapema uoshe.

Dereva wa Mariakani: Nyongeza: nikitoka Mombasa kwenda Nairobi presha inapanda kwenye geji bila kujaza. Si tairi bovu.

Jibu: Sahihi kabisa. Nairobi iko juu, hewa ya nje ni nyepesi, na geji inapima tofauti ya ndani na nje. Mwinuko unaongeza kama psi 2 na nusu, ubaridi wa kule unarudisha moja hivi. Wanaoishi Nairobi wajaze Nairobi.

Bint Kisauni: Betri ya sensa inabadilishwa?

Jibu: Imefunikwa kwa gundi ngumu, haikukusudiwa kufunguliwa. Hudumu miaka 5 hadi 10. Kama gari ni la 2014 na tairi lishafunguliwa, badilisha sensa sasa hivi kuliko kulipia kufungua tena mwakani.

Kobe wa Tegeta: Nimehamisha zote nne kama ulivyosema. Taa bado.

Jibu: Inamweka kama dakika moja kisha inawaka bila kumweka, au inawaka bila kumweka tangu mwanzo?

Kobe wa Tegeta: Inawaka bila kumweka tangu mwanzo.

Jibu: Basi sensa zote zinasikika, mojawapo inasoma presha ndogo. Ni gari gani, na spea ni ya ukubwa kamili?

Kobe wa Tegeta: Land Cruiser 200. Ndiyo, kamili.

Jibu: Zipo zenye sensa ya tano kwenye spea. Ingia uvunguni na geji.

Kobe wa Tegeta: Psi 12.