Jinsi ya Kuonja Crozes-Hermitage: Fuata Harufu ya Pilipili Manga

Anayeanza kuufahamu mvinyo mwekundu wa Ufaransa mimi humwelekeza kwanza kwenye Crozes-Hermitage, kwa sababu tabia yake haijifichi. Unatoka kaskazini mwa bonde la Rhône, kukizunguka kilima cha Hermitage kilicho juu ya mji wa Tain-l'Hermitage. Zabibu yake ni Syrah, ingawa mara nyingi lebo haiitaji: Wafaransa huandika mahali.

Hatua ya 1: Upoze. Kabatini Dar es Salaam au Mombasa chupa hufika nyuzi 28 au zaidi, na kwa joto hilo pombe hupanda puani ikafunika kila kitu. Itose kwenye ndoo ya barafu na maji kwa robo saa hivi, ishuke karibu nyuzi 16. Usisahau maji, maana barafu peke yake hupoza polepole.

Hatua ya 2: Mimina kidogo. Theluthi ya glasi yatosha, na iwe glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Angalia rangi: zambarau iliyokoza ni mvinyo mchanga, ukingo ukielekea rangi ya matofali, umeshakaa miaka.

Hatua ya 3: Nusa. Hapa usiwe na haraka. Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia, kisha izungushe taratibu, unuse tena. Utaanza kupata matunda meusi yaliyoiva, pengine zeituni nyeusi, au nyama iliyokaushwa kwa moshi. Halafu itakuja pilipili manga.

Ili uwe na hakika, ponda punje mbili tatu za pilipili manga kwenye kinu, zinuse, pumzika kidogo, kisha rudi kwenye glasi. Ni harufu ileile kwelikweli. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba inatokana na rotandoni, kemikali iliyomo kwenye ganda la zabibu hii na kwenye pilipili manga yenyewe. Nanogramu 16 tu katika lita moja ya mvinyo mwekundu zatosha kunuswa. Hata hivyo, takriban mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuisikia kabisa. Kwa hiyo mwenzako akisema haipati, usimbishie.

Hatua ya 4: Onja. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni. Mate yakikujaa pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu, nao ndio unaoupa mvinyo huu uchangamfu. Ukakasi utausikia kwenye fizi. Katika Crozes nzuri huwa wa wastani, haukwaruzi.

Hatua ya 5: Upe nyama. Mbuzi wa kuchoma, chumvi na ndimu kidogo, basi. Pilipili mbuzi iweke mbali, kwani huzidisha ukakasi na kuifanya pombe iunguze. Ukibakiza, rudisha kizibo uweke chupa kwenye friji; kesho yake bado utanyweka vizuri.